Nyumba ya Mwaka wa Saba

Watu wa Migori walikuwa wakisema kwamba Susana Robi analipwa kwa kulaza watu usingizi mchana. Maneno hayatozwi kodi, kwa hiyo waliyasema bila kubania. Ukweli ni kwamba aliwapangia watu fedha zao na miaka yao, kazi ambayo mwaka 1992 hakuna mtu mjini aliyejua kama ni kazi. Alikuwa amekaa miaka kumi na mmoja akiwa karani katika chama cha ushirika, akiwatazama wakulima wa tumbaku wakipokea malipo ya msimu Ijumaa na kukopa nauli Jumatatu. Asubuhi moja aliamka, akaacha. Alikodi chumba ghorofani, juu ya duka la mbegu karibu na daraja, akaweka meza na viti viwili, akaandika mlangoni kwa mkono wake: USHAURI WA FEDHA NA MIPANGO. Miezi mitatu hakuingia mtu ila waliopotea njia ya kununua mbegu.

Mteja wa kwanza alikuwa Werema, Mkuria mwenzake, mchimba dhahabu wa Macalder. Alipanda ngazi na matope ya shimo magotini, akakaa, akaulizwa anataka fedha zake zimfanyie nini, na kabla hajajibu usingizi ukamchukua. Mtu aliyekesha chini ya ardhi siku mbili hachagui kitanda. Susana alimwacha alale. Kumbe Werema alikuwa mtu wa kuota kwa sauti. "Fungeni lango," alisema, uso umelainika kama wa mtoto. "Huyo ndama mwekundu atatoka. Bhoke, lete maziwa." Susana akachukua kalamu, akaandika kila neno. Werema alipoamka na kusomewa ndoto yake alilia bila aibu, maana hakuwa na lango, wala ndama, wala Bhoke. Alikuwa na vumbi la dhahabu lililoishia kwenye pombe ya chang'aa kila Jumamosi. Miaka mitatu baadaye alikuwa na lango na ndama, na Bhoke alikuwa mjamzito.

Basi huo ukawa utaratibu wa ofisi. Ukiingia, ulikaa. Susana alishusha pazia, chumba kikawa na ule mwanga wa chini ya majani, akakuambia ufumbe macho. "Ni miaka kumi kutoka leo," alisema, taratibu. "Umeamka asubuhi. Unasikia nini? Mlango wako unatazama wapi? Nani amekutangulia kuamka?" Mtu alianza kwa kucheka, kisha akanyamaza, kisha akatembea ndani ya maisha ambayo hayajafika, akigusa vitu. Wengine walitabasamu. Wengine walinyoosha mkono kama wanaopokea kikombe. Susana aliandika yote, halafu akarudi nyuma mwaka kwa mwaka mpaka leo, akizigawa fedha: za kulala, ambazo hazishikwi, za kutembea, ambazo ni za biashara, na za mkononi. Chini kabisa ya kila mpango palikuwa na mstari mmoja ambao mteja alitia sahihi: MPANGO HAUGUSWI, HATA MAMA AKILIA.

Mstari huo aliupenda kuliko ada yake. Alikuwa ameona mipango mingi mizuri ikifia kwenye machozi ya mama na matanga ya mjomba.

Walimu wa Rongo walianza kuja siku za likizo. Wanawake wauza samaki wa Karungu walikuja wanne wanne, wakafumba macho pamoja na kuibiana ndoto kwa vicheko. Kufikia mwaka 1997 majalada yalikuwa yamejaa rafu mbili, na Susana, ambaye hakuwahi kushusha pazia kwa ajili yake mwenyewe, alianza kuona dirisha. Dirisha lilikuwa Homa Bay, na nje yake kulikuwa na ziwa. Aliliona akipiga mswaki, akiwa kanisani, akiongea na wateja. Alitaka ofisi ya pili kule kama mtu anavyotaka maji. Shida ilikuwa moja tu: Homa Bay hakuna aliyemjua, na mwanamke wa Kikuria asiye na mwenyeji haendi kwenye mji wa Wajaluo kuwaambia wampe fedha zao azipange.

Ndipo akaja Gordon.

Gordon Ochieng' alikuwa msimamizi wa barabara huko Homa Bay mpaka serikali ilipopunguza wafanyakazi na kumpa kiinua mgongo. Alikuwa katibu wa kikundi cha watu arobaini waliopunguzwa kama yeye. Alikuja na mkewe, Pamela, mwanamke mwembamba aliyekaa dirishani akatazama mto, mkoba mapajani.

"Madam," Gordon alisema, "sifa yako imefika mpaka kwetu. Mimi nimepita Rongo, nimepita ofisi zote, nikasema hapana, ni huyu. Ukinipangia vizuri, wale watu arobaini wote ni wako."

Ukimvisha mtu kilemba cha ukoka, huanza kutembea na shingo ndefu. Susana alishusha pazia.

Gordon alikuwa mwotaji mzuri. Alifumba macho, na hapohapo mvua ikaanza kunyesha juu ya mabati yake. Aliona milango mitano iliyopangana, yote ya bluu. Alisikia redio ya mpangaji wa kwanza na mtoto wa mpangaji wa nne, akanusa vitunguu vya jioni, akajiona amekaa nje kwa kiti, hadaiwi na mtu. Alisema mambo hayo kwa sauti ya upole sana hata Susana akajikuta ameacha kuandika.

"Na nyumbani, Bwana Gordon? Kule kijijini unaona nini?"

Mvua ya Gordon ikakatika. "Kule ni mbali," alisema. "Sioni vizuri. Iweke tu mwaka wa saba."

Susana akaiweka mwaka wa saba. Kwa hesabu ilikuwa sawa kabisa: vyumba vya kupangisha huzaa, nyumba ya kijijini hula. Pamela aligeuka kutoka dirishani, akasema, "Mwaka wa saba." Susana alimsikia. Alidhani anakariri ili asisahau.

Vyumba vilikwisha mwezi wa saba, milango ya bluu, na wapangaji wakaingia kabla rangi haijakauka. Susana alikwenda kuviona, akasimama barabarani akitabasamu peke yake. Kisha akafanya jambo ambalo mteja wake akilifanya humfokea: alitoa fedha zake za kulala, zote, akalipa kodi ya miezi mitatu ya chumba cha juu Homa Bay. Mganga hajigangi. Dirisha lilikuwa palepale alipoliona. Nje yake gugumaji lilikuwa limefunika ghuba yote, kijani kibichi mpaka ulikokoma upeo, na asubuhi ndege weupe walitembea juu ya ziwa kama juu ya shamba. Susana alikaa akilitazama, akawangoja arobaini wake.

Wiki ya kwanza hawakuja. Ya pili pia. Njiani walimwamkia kwa heshima, wakamuuliza habari za Migori, wakapita. Gordon mwenyewe alikuwa na haraka kila mara alipomwona. Wiki ya tatu, siku ambayo upepo ulikuwa umelisukuma lile shamba la kijani upande wa pili na kuacha maji matupu yanayong'aa, aliingia mtu mmoja mwenye saruji kavu kwenye kucha.

"Naitwa Nashon. Mimi ndiye nilijenga zile nyumba tano. Gordon ni ndugu yangu, yeye ni mkubwa, mimi namfuata," alisema. "Nimekuja unipangie."

Susana karibu amkumbatie. Alishusha pazia. Nashon akafumba macho, mikono yake mikubwa juu ya magoti.

"Ni miaka kumi kutoka leo. Umeamka. Unaona nini?"

"Naona mgongo ya Gordon."

"Haya, songa kando. Mpite."

"Siwezi."

"Ni ndoto tu, Bwana Nashon. Mpite uende mbele."

"Madam, hata kwa ndoto siwezi." Alifumbua macho. Hayakuwa na hasira, na hilo ndilo lililomtisha Susana. "Wewe si wa kwetu, nitakuelezea. Sisi tunazaliwa kwa boma ya baba. Ukikuwa kijana unajenga simba yako hapo kwa lango, nyumba ndogo. Ukioa, unaishi hapo na bibi. Lakini siku inafika unatoka, unaenda kuanzisha dala yako, boma yako mwenyewe. Na tunatoka kwa laini. Mkubwa kwanza. Mdogo akiruka mkubwa, hiyo ni chira, watu wanaanza kukonda na kufa. Gordon hajatoka. Ako na miaka arobaini na saba, akirudi kijijini analala kwa simba. Na mimi niko nyuma yake, na watoto sita, kwa nyumba ya mlango moja. Mabati nilinunua mwaka wa tisini na tatu. Yameegemea ukuta mpaka yameanza kutu."

Susana aliweka kalamu chini.

"Tukasema, Gordon akipata kiinua mgongo atatoka. Mama mpaka akaimba. Halafu akatuletea karatasi. Akatusomea. Mwaka wa saba, nyumba. Imepigwa taipu, iko na sahihi yako." Nashon alitazama mikono yake. "Wale watu wa kikundi, kila mtu ako mbele ya mtu ama nyuma ya mtu. Nani atakuletea pesa umfungie ndugu yake nje?"

Aibu ilimshika Susana. Kwao Kehancha alijua kila foleni ya aina hiyo: alijua ng'ombe wa mahari ya dada humsubiri kaka aoe, na kaka husubiriwa na nani. Huku hakuuliza. Kuuliza si ujinga, lakini alikuwa ameshughulika sana na dirisha lake. Alimpa Nashon soda, akakataa ada yake, akafunga ofisi mchana kweupe na kwenda kwenye milango ya bluu.

Gordon alikuwa amekaa nje kwa kiti, mbele ya chumba namba moja alichokaa na Pamela, kama alivyojiona. Mtoto wa mpangaji wa nne alikuwa akilia, kama alivyosikia. Susana alimwambia bila kuzunguka kwamba mpango ule una kosa, kosa ni lake yeye Susana, na nyumba itoke mwaka wa saba ije mwaka huu kabla mvua haijaanza.

Gordon aliingia ndani akarudi na karatasi, akaweka kidole chini kabisa. "Soma hapa. Mpango hauguswi, hata mama akilia. Wewe ndiye uliandika. Na mama amelia, madam. Amelia kabisa. Nimekaa imara."

"Mimi sikujua kuna watu nyuma yako."

"Najua hukujua." Alicheka kidogo, kisha akaacha. "Unafikiri nilipita Rongo yote nikaja kwako kwa sababu gani? Mjaluo yeyote ningeenda kwake, swali la kwanza angeniuliza, wewe umetoka dala? Wewe hungeuliza."

Basi zile ndizo zilizokuwa sifa zake. Susana alikaa kwenye ngazi ya chumba namba mbili. Alijihisi mjinga kuliko alivyowahi kujihisi tangu utotoni.

"Baba yangu alikuwa na boma kubwa," Gordon aliendelea, sasa kwa sauti ile ya upole ya Migori. "Lango kubwa, nyumba nne. Alikufa hana pesa ya chumvi. Tulikopa jeneza. Mimi niliapa. Sasa niambie, hiyo nyumba ya shamba italeta nini? Wewe mwenyewe ulisema inakula."

Na kweli alisema. Kwa hesabu, Gordon alikuwa sahihi. Wakati huo Pamela akatokea uani na beseni la dagaa wa omena, akaliweka chini, akamwamkia mgeni.

"Mama," Susana alisema, "ile siku sikukuuliza. Nilikosa. Njoo ukae, ufumbe macho."

"Huyo hana pesa," Gordon alisema.

"Ana miaka kumi inakuja, kama wewe."

Pamela alipangusa mikono kwenye leso, akakaa chini kwenye ngazi. Hapakuwa na pazia, lakini jua lilikuwa limeingia wingu na uani pakawa na kivuli laini. Ziwa lilisikika mbali likivuta pumzi. Alifumba macho.

"Ni asubuhi," alisema. "Watu ni wengi. Wanalia. Ni mimi nimekufa."

"Pamela! Wacha hayo maneno!" Gordon alikuwa amesimama. Kwao mtu hatamki kifo chake mwenyewe. Kukitamka ni kukipungia mkono. Susana alijua angepaswa kumnyamazisha. Hakumnyamazisha.

"Wananitoa chumba namba moja," Pamela aliendelea, bila haraka, kama anayesimulia njia ya kwenda sokoni. "Wapangaji wamesimama kando ndio jeneza ipite. Tumefika kwa baba yenu. Sina nyumba huko, simba haihesabiwi, na bibi ya mtu hawezi kuzikwa kama hana nyumba. Kwa hivyo wanajenga haraka haraka kibanda, niwekwe mbele yake siku moja. Nashon ndiye anajenga. Anatumia mabati yake. Wewe umesimama hapo, Gordon. Unamuuliza fundi ni pesa ngapi."

Alifumbua macho, akainua beseni lake, akauliza kama mgeni atakula. Akaingia jikoni.

Gordon alibaki amesimama. Mtoto wa mpangaji wa nne alinyamazishwa, redio ikazimwa, na bado alisimama. Mwishowe akaenda mlangoni mwa jikoni, akasema kwa Kijaluo jambo ambalo Susana hakulielewa, na Pamela akajibu kwa neno moja. Gordon aliporudi macho yake yalikuwa mekundu.

"Nimemuuliza huo ni mwaka gani," alisema. "Anasema hakuona mwaka."

Waliketi na karatasi mpaka ugali ukaiva. Susana aliufuta ule mstari wa chini kwa kalamu yake mwenyewe, mara mbili, ili usisomeke. Vyumba viwili viliuzwa kwa mwalimu aliyekuwa akivipanga. Susana alirudisha ada yake yote, na hiyo ilimuuma, tusidanganyane. Kabla ya mvua za mwaka ule, alfajiri moja, Gordon alitoka kwa baba yake, mwanawe mkubwa na shoka mbele, Pamela nyuma akibeba moto, na nyumba ikasimama jua likiwa bado juu. Susana hakuwepo, mahali pale si pa mshauri. Alisimuliwa kwamba Nashon alipiga misumari kama mtu anayefukuzwa, na watu walipokaa kula yeye hakukaa. Wiki tatu baadaye alitoka yeye, na mabati yake yakapanda juu, kutu na yote.

Arobaini hawakuja. Mwisho wa mwezi wa tatu wa kodi Susana alifanya hesabu yake bila kujihurumia, akaona Homa Bay imekufa. Mipango si matumizi. Alimwambia mwenye nyumba atatoka Jumamosi, akaanza kufunga majalada kwa kamba. Mvua ilikuwa ikinyesha kana kwamba haitaacha, na kutoka dirishani ziwa na mbingu vilikuwa kitu kimoja cha kijivu, visiwa vya gugumaji vikipita ndani yake polepole. Alivitazama, akalia kidogo, akaendelea kufunga.

Alhamisi mlango ulisukumwa bila kubishwa. Aliingia mwanamke mnene, wa umri wa mama yake, akitiririka maji.

"Naitwa Truphena. Mzee wangu ndiye mwenyekiti wa kile kikundi," alisema, bado amesimama. "Mimi ndiye nilimwambia asilete pesa hapa. Nilisema huyu mwanamke anafungia watu nje. Niliambia na wale wengine. Nimekuja uniangalie kwa macho."

Susana alimwangalia kwa macho. "Ulisema kweli," alimwambia.

"Ilikuwa kweli wakati huo." Truphena alivuta kiti kilichokuwa kimeshafungwa kamba, akakifungua mwenyewe, akakaa. "Pamela amenielezea. Mzee ako hapo chini ya ngazi, na wengine watatu, wananyeshewa. Nimewaambia wangoje. Leo mimi kwanza."

Susana hakushusha pazia, maana alikuwa ameshalikunja. Alisema yale maneno yake ya siku zote, taratibu, na Truphena akafumba macho. Mvua iliendelea. Chini kulisikika mtu akikohoa. Midomo ya yule mama ilifunguka, ikafumba, ikafunguka tena, na machozi yakaanza kuteremka kando ya pua yake.

"Ningoje kidogo, nyathina, mtoto wangu," alisema. "Sijawahi kuulizwa."